UZI: Dereva wa garimoshi vitani. Njia ya Voi, Maktau, Taveta, 1915 na 1916

Mzee wa Stimu #1

Wakuu salaam.

Juzi kwenye uzi wa treni ya umeme kijana mmoja kaandika kwamba dereva wa treni kazi yake kukaa na kubonyeza, njia inampeleka yenyewe. Sikumjibu. Umri huu si wa kugombana na watoto usiku. Lakini neno limenikaa kooni, na leo nimemwomba mjukuu anichajie simu mapema niandike kwa nafasi.

Nilianza ufaiamani 1971, enzi ya shirika la reli la Afrika Mashariki, baadaye nikawa dereva. Faiamani kwa wasiojua ndiye mtu wa moto: dereva anashika mkono wa stimu, yaani mvuke, na breki, faiamani anahakikisha stimu ipo. Njia ya Moshi, Kahe, Taveta hadi Voi nimeipita sana kabla ya mpaka kufungwa 1977. Abiria walikuwa wakichungulia dirishani wanaona miiba na vumbi, wanauliza nani aliyeona haja ya kuleta reli huku. Haikuletwa kwa ajili ya abiria. Ile njia ilijengwa vitani, kwa ajili ya vita, na dereva wa kwanza kuipita alikuwa na askari wenye bunduki nyuma yake.

Turudi 1914, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Mwingereza ana reli yake, Mombasa hadi Kisumu, ilifika ziwani 1901. Mjerumani ana ya kwake, Tanga hadi Moshi, ilifika Moshi 1911. Zote mbili upana wa mita moja kati ya chuma na chuma. Shikeni hilo la upana, nitalirudia. Kati yake kuna nyika kavu na mji mdogo wa Taveta, upande wa Mwingereza. Agosti 1914, vita ina siku chache tu, Wajerumani wakaichukua Taveta. Kuanzia hapo wakawa wanatuma vikundi vidogo vya askari kwa miguu, siku kadhaa porini na maji ya kubeba mgongoni, hadi kwenye reli ya Mombasa. Wanafukua kokoto chini ya reli, wanazika baruti, wanafukia, wanapangusa nyayo, wanaondoka.

Sasa jiweke kwenye injini. Huendeshi lori, huwezi kukwepa. Ukiona kitu mbele, una tani kadhaa za mzigo mgongoni zinazosukuma. Kusimama kunataka mamia ya mita, na taa ya injini ya zamani haikupi hata nusu ya hizo. Kilichobaki ni kusoma njia. Kokoto zilizofukuliwa jana rangi yake tofauti: upande uliokuwa chini una giza, una unyevu kidogo asubuhi, halafu jua likipanda tofauti inapotea. Mimi mabomu sikuyakuta, ila mvua ya Same ilinifundisha rangi hiyo, maana mahali maji yalipokula tuta usiku, kokoto ndizo zinazosema kwanza.

Dawa Waingereza waliyoipata ni kutanguliza mabehewa ya mchanga mbele ya injini, ili baruti ilipukie mchanga. Kwenye karatasi dawa nzuri. Kwa dereva ni balaa jingine. Unasukuma mzigo usioona mbele yake. Behewa linalosukumwa linapenda kupanda reli kwenye kona, halivutwi likanyooka. Kwa hiyo mwendo unashuka, na mwendo ukishuka kwenye mlima stimu inakwisha, na stimu ikiisha umesimama katikati ya pori ambako watu wa baruti ndiko wanakotaka usimame.

Mapema 1915 Mwingereza akaona kukaa na kulinda reli ndefu hivyo hakutaisha. Akaanza kutandika njia mpya kutoka Voi kuelekea Taveta, amfuate Mjerumani kwake. Waliotandika walikuwa kampuni mbili za reli za jeshi la India, ya 25 na ya 26, pamoja na vibarua wengi. Katikati ya 1915 reli ilikuwa Maktau.

Nipumzishe macho. Nitaendelea.

Pwani Mnyonge #2

Nimetandika mkeka hapa mstari wa mbele. Mzee mwaga vitu, usituachie njiani kama nyuzi nyingine.

Binti wa Korogwe #3

Shikamoo mzee wangu. Swali la mtu asiyejua: kwa nini wahangaike kutandika reli miezi na miezi? Magari si yalikuwepo 1915?

Mzee wa Stimu #4

Marahaba mjukuu. Magari yalikuwepo, machache, na barabara hakuna. Mvua ikinyesha udongo ule mwekundu unameza gurudumu hadi ekseli. Ng'ombe, farasi na nyumbu wakiingia huko mbung'o anawamaliza. Kinachobaki ni kichwa cha binadamu, na mpagazi anakula. Mpe mzigo wa unga aende siku kumi na arudi siku kumi, piga hesabu ameacha kiasi gani kwa askari anayengoja. Treni moja hata ya mwendo wa kobe inafanya kazi ya maelfu ya wapagazi, na inakula kuni.

Ila inakunywa. Hapo ndipo shida ya Maktau ilipo. Injini ya stimu bila maji ni sufuria juu ya moto. Na kutoka Voi unapanda hadi Maktau, sehemu ambayo injini inakunywa zaidi ndiyo isiyo na maji.

Mdawida #5

Mzee hapo umegusa nyumbani. Mimi ni wa Bura, Taita. Maji ya kambi ya Maktau yalitoka kwetu, milima ya Bura, kwa bomba lililovutwa wakati wa vita hiyohiyo. Kabla ya bomba maji yalikuwa yakipelekwa kwa treni na kwa wanyama. Fikiria treni inabeba maji ya askari, na yenyewe inataka maji. Inakunywa mzigo wake.

Ukipita barabara ya Voi kwenda Taveta leo reli unaiona ubavuni, sehemu nyingine imefunikwa na nyasi, mbuzi wanalala kwenye tuta kwa sababu mawe yanashika joto jioni. Maktau kuna makaburi ya askari wa Kihindi, yametunzwa vizuri. Taveta kuna mengine, na Voi pia. Wageni wanaotoka kuangalia ndovu wanapita mbio hawajui.

Mzee wa Stimu #6

Mdawida ahsante. "Inakunywa mzigo wake", hiyo nitaiiba.

Naendelea. Injini za reli ya Uganda wakati ule zilikuwa za kuni. Sisi kizazi chetu tulikuta mafuta mazito, faiamani anafungua koki na kuangalia rangi ya moshi, basi. Kuni ni habari nyingine. Mzee aliyenifundisha kazi alianza na kuni na alikuwa na alama za kuungua mikononi hadi kwenye viwiko. Alisema kuni mbichi unazitambua kwa sauti kabla ya moshi, zinapiga filimbi mlangoni mwa tanuri. Ukilishwa kuni mbichi huna mlima utakaopanda. Na kuni zina aibu mbili vitani. Mchana moshi wake unaonekana mbali. Usiku zinatema cheche kwenye bomba, na pori kavu linawaka nyuma yako. Wajerumani waliokaa mbele ya Maktau, pale Mbuyuni na juu ya kilima cha Salaita, kama walikuwa na macho, ratiba ya treni za Maktau waliijua kuliko stesheni masta.

Njia yenyewe sasa. Reli ya jeshi hutandikwa kwa haraka: mataruma, yaani mihimili inayolazwa chini ya reli, kisha reli, misumari, songa mbele. Kokoto za kutosha zitakuja baadaye au hazitakuja. Ukipita juu yake injini inayumba kama jahazi. Dereva mzuri anasikia kwa nyayo, taruma lililolegea linapiga tofauti. Anamwambia gadi, yaani msimamizi wa treni, gadi anaandika, gangi ya mafundi wa njia inatumwa. Dereva mbaya anaongeza mwendo ili amalize.

Januari 1916 Waingereza wakachukua Mbuyuni, reli ikawafuata. Februari 12 wakaishambulia Salaita, wakapigwa wakarudi. Jenerali Smuts wa Afrika Kusini akaja mwezi huohuo kushika amri ya Waingereza. Machi wakaizunguka Salaita, wakapigana usiku kwenye vilima vya Latema na Reata, Taveta ikarudi mikononi mwao. Hadi Machi 21 walikuwa Kahe, na Wajerumani walipoondoka usiku ule wakalilipua daraja la reli la Kahe.

Hapa ndipo upana wa mita moja unapokuja. Reli ya Voi ilipofika Kahe ikaungana na ya Tanga kama ndugu waliopotezana. Reli za maadui wawili, treni ya mmoja inaingia njia ya mwenzake bila kubadili hata bolti ya gurudumu. Nchi nyingine wamehangaika miaka kwa tofauti ya sentimita chache. Sisi tuliunganishwa na vita kwa bahati ya tepu ya kupimia.

Mbishi Mkuu #7

Mzee kwa heshima zote. Madereva wa wakati ule walikuwa Wazungu na Wahindi. Vita yenyewe ya Wazungu. Sisi tunajisifia nini hapa? Au tunalilia cheo cha injini isiyo yetu?

Pwani Mnyonge #8

Huyu naye kaamka. Mkuu soma uzi kwanza, mzee hajajisifia popote.

Mzee wa Stimu #9

Mwacheni, kauliza la maana.

Kweli, mkono wa stimu ulishikwa na Mzungu na Mhindi. Mwafrika kuuachiwa kulichukua miaka mingi sana baada ya hapo, na hadithi ya namna tulivyoupata nitaianzishia uzi wake, ina matusi. Lakini hesabu watu wanaofanya gurudumu lizunguke. Kuni zilikatwa na nani? Tuta lilifukuliwa na nani? Nani aliyepanga mawe, akabeba mataruma mabegani, akapakua magunia Maktau saa nane usiku? Halafu reli ilipoishia, palepale kwenye chuma cha mwisho, mtu aliyekuwa anangoja na kamba yake ya kubebea ni nani?

Wapagazi walikufa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara, homa na njaa kuliko risasi. Kariakoo ya Dar na Kariokor ya Nairobi majina yanatokana na kikosi chao, Carrier Corps. Kila kilomita ya reli iliyotandikwa ilimpunguzia mpagazi kilomita ya kubeba. Ndiyo maana nazungumzia reli. Kujisifu sijui umekuona wapi.

Mbishi Mkuu #10

Nimekubali nusu. Endelea mzee.

Mwana wa Tanga #11

Wakuu mmeongea upande wa Mwingereza tu. Niwape wa huku kwetu.

Novemba 1914 meli za Waingereza zimetokea Tanga na jeshi kutoka India. Kikosi kikubwa cha Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, kiko Moshi, karibu kilomita 350. Kilichoiokoa Tanga ya Mjerumani ni treni. Na hizo treni jamani! Lettow mwenyewe aliandika kuwa njia nzima ilikuwa na injini nane tu. Kwa sababu ya milima treni haikuweza kuzidi ekseli 24 hadi 32, maana yake kampuni moja ya askari na vifaa vyake kamili, au mbili bila mizigo na wapagazi. Safari Moshi hadi Tanga saa 15 hadi 20.

Yeye mwenyewe alikuja na treni akashushwa kilomita sita nje ya mji usiku wa kuamkia Novemba 4, akapanda baiskeli kuingia Tanga kuangalia hali. Mji giza, kimya. Siku hiyo ndiyo vita kubwa ikapigwa, na kesho yake Waingereza wakarudi melini, wakaacha bunduki na risasi nyingi ufukweni.

Babu yangu alikuwa akisema nyuki, waliowavamia askari katikati ya mapigano, ndio walioshinda ile vita. Mimi nasema nyuki na injini nane.

Mzee wa Stimu #12

Mwana wa Tanga umenipa raha leo. Ngoja nikutafsirie hizo namba kwa lugha ya kazi.

Injini nane si nane. Daima moja iko karakana imefunguliwa matumbo. Nyingine inaoshwa boila, lile pipa la kuchemshia maji ya stimu, maana maji ya huku yana chumvi, usipoosha mabomba yanaziba na stimu inatoka na povu. Kwa hiyo una sita, labda. Hizo sita ziende Tanga zimejaa na zirudi Moshi tupu kuchukua wengine, kwenye njia moja, zikipishana stesheni. Moja ikichelewa Mombo inayoshuka inamngoja anayepanda, na anayengoja huyo ana mwenzake nyuma. Mtu wa ratiba siku zile hakula.

Na saa 20! Zamu yangu ndefu kuliko zote ilikuwa saa 17, kwa mafuta, ikiwa tuta limekatika mbele. Niliposhuka sikuweza kufungua vidole, vilikaa katika umbo la koki. Saa 20 za kuni ni tani na tani zinazopita mikononi, kipande kimoja kimoja, na tanuri linakuchoma uso huku mgongo unapigwa na baridi ya usiku. Vitabu vinamtaja kanali na baiskeli. Mtu wa kuni hakupata hata mstari.

Chamwino Kavu #13

Na reli ya Kati, ya Dar hadi Kigoma, msiisahau wakuu. Ile ilifika Kigoma Februari 1914, vita ikaanza Agosti. Meli ya Goetzen, ambayo leo ni Liemba, ilipita juu ya reli hiyo ikiwa vipande kwenye maelfu ya masanduku kutoka Dar, ikaunganishwa Kigoma. Meli nzima imepanda treni.

Mjerumani alipokuwa anarudi nyuma 1916 alilipua madaraja, na penye pengo akasukumia injini na mabehewa yakarundikana korongoni, ili anayekuja aanze kwa kutoa vyuma. Waingereza wakakuta reli ipo lakini hakuna cha kutembea juu yake, na madaraja yaliyofungwa kwa miti hayabebi uzito wa injini. Wakachukua malori, wakayavua matairi, wakayavisha magurudumu ya reli. Malori yakawa yanakwenda juu ya reli hadi Dodoma na chakula cha jeshi.

Binti wa Korogwe #14

Lori juu ya reli! Hata usukani huhitaji 😂

Chamwino Kavu #15

Ndiyo sasa yule aliyesema "kukaa na kubonyeza" 😂

Mzee wa Stimu #16

Mimi nacheka lakini hiyo ya kusukumia injini korongoni inaniuma. Kuna dereva aliamriwa afanye hivyo. Injini aliyoipaka mafuta kila asubuhi, anayejua inakohoa wapi. Unafungua stimu kidogo, unashuka ikiwa inatembea taratibu, unasimama pembeni. Sijui kama alikaa kuangalia.

Mdawida #17

Mzee, ukipata nguvu tueleze moja. Treni ikipiga bomu, dereva na faiamani wanafanyaje? Wanaruka?

Binti wa Korogwe #18

Nilikuwa nauliza hilohilo.

Mzee wa Stimu #19

Watu wanadhani hatari ni ule mlipuko. Mlipuko ukikukosa umekukosa. Hatari inayobaki ni injini yenyewe.

Ndani ya boila kuna paa la tanuri, bamba la chuma lenye moto chini na maji juu. Maji ndiyo yanayolipoza. Injini ikilala upande, maji yanahamia upande mmoja na sehemu ya paa inabaki wazi juu ya moto. Dakika chache tu bamba linaanza kulainika, na stimu iliyo juu yake inasukuma. Paa likitoboka, stimu na maji ya moto vinatokea mlango wa tanuri, kule walikosimama watu. Nimemwona mtu mmoja aliyepatwa na hiyo kwa ajali ya kawaida, si ya vita. Sitaeleza.

Kuna kizibo cha madini ya risasi kwenye paa hilo, kinayeyuka mapema ili stimu ishuke na kuzima moto, lakini hukiamini maisha yako.

Kwa hiyo injini imetoka relini, imeinama, masikio yanalia, labda kuna watu porini wanapiga bunduki. Kuruka ni wepesi. Aliyetufundisha alituambia utaratibu, na nina hakika ndio huohuo wa 1915 maana boila haijabadilika: kwanza funga stimu. Angalia kioo cha maji, na kama injini imeinama usikiamini kioo. Fungua maji ya kuingia boila ikiwa pampu bado inavuta. Halafu toa moto. Kwenye injini ya kuni unautoa kwa mikono, na reki ndefu, unauvuta vipande vinavyowaka unavitupa nje mlangoni, kwenye nyasi, kila kipande kikiwaka kinawaonyesha walio porini mahali ulipo.

Unaendelea kuvuta hadi tanuri liwe jeusi. Ndipo unashuka.

Pwani Mnyonge #20

Mzee...

Mbishi Mkuu #21

Ile nusu nyingine nimekubali.

Mdawida #22

Jumamosi naenda Maktau kwa shughuli za shamba. Nitapita kwenye tuta la reli nipige picha niweke hapa. Mzee kuna kitu mahususi unataka niangalie?

Mzee wa Stimu #23

Ukitoka Maktau kuelekea Mbuyuni kuna kona, upande wa kushoto, ambako tulikuwa tunapiga honi bila sababu yoyote iliyoandikwa. Waliotutangulia walipiga, nasi tukapiga. Angalia kama bado kuna kokoto pale.